Machungwa Yaliyouzwa Yangali Maua

Ndugu msomaji, aliyeijua wilaya yetu ya Kishapu kwa kuisikia tu hawezi kusadiki upesi habari ya bustani ya machungwa. Kwetu ni nchi ya pamba, mtama na ng'ombe. Mvua yetu ni ya msimu mmoja: huanza Novemba au Desemba, hukoma Aprili au Mei, na miezi iliyobaki ardhi hukauka hata ikapasuka nyufa za kuingia mguu wa mbuzi. Watu wa mbali wakilitaja jina letu hutaja almasi, kwani mgodi wa Mwadui, ulioanza baada ya John Williamson kuziona almasi mahali hapo mwaka 1940, umo katika wilaya hii. Marehemu baba yangu alikuwa kibarua katika mgodi huo. Mimi nafundisha Kurani katika chuo kidogo upande wa Maganzo, na sehemu kubwa ya riziki ya nyumba yangu yatoka katika miti 30, yaani michungwa 24 na mindimu sita. Nataka kueleza siku zetu zinavyokwenda katika bustani hiyo. Na zaidi ya hayo nataka kueleza kosa nililolifanya mara mbili, mimi niliyekuwa nikiwasomesha wenzangu kwamba ni kosa.

Asili ya miti hii ni ukwe. Mke wangu ni mzaliwa wa Muheza, katika mkoa wa Tanga, na hapana asiyejua kwamba Muheza ni mashuhuri kwa machungwa katika Tanzania nzima. Mwezi wa Juni, mwaka 2008, tulikwenda kuwaamkia wakwe. Nilishangaa. Mimi niliyezoea kuona chungwa moja likigawanywa baina ya watoto wawili, nikaona machungwa yamelala chini ya miti kama mawe, wala hapana mtoto ajishughulishaye kuinama. Shemeji yangu ana shamba la ekari mbili, michungwa imechanganywa na mihogo. Akanionyesha sisimizi wekundu waitwao maji moto, ambao huyashona majani ya mti yakawa nyumba yao, na humwuma mchumaji hata akashuka bila ya kupenda. Lakini shemeji hawaui, kwani hula wadudu wauharibuo mti. Baadaye nilipata kusoma kwamba Wachina waliwatumia sisimizi wa jamii hiyo katika bustani zao za machungwa zaidi ya miaka 1,600 iliyopita, nikaona shemeji yangu yu katika kundi la watu wenye akili za zamani.

Alinieleza pia kwamba mchungwa mzuri ni miti miwili katika shina moja. Chini ni mlimau wa kienyeji, wenye mizizi yenye nguvu ya kutafuta maji. Juu ni mchungwa wa Valencia uliobebeshwa kwa kuchukua jicho la mti mzazi na kulipachika chini ya gome. Mche wa namna hiyo waweza kuzaa katika mwaka wa tatu au wa nne, ilhali mti wa mbegu humngojesha mtu miaka saba au zaidi.

Jambo jingine nililoliona huko halikunipendeza. Malori yalikuwa yakija kutoka Dar es Salaam na mengine kutoka Kenya, na madalali wamesimama kati ya lori na mkulima. Msimu ukikolea machungwa ya kila shamba huiva pamoja, bei ikaanguka; mwenye shamba hana ghala la kuyawekea, na tunda lililoiva halimngoji mtu. Basi wako wakulima ambao, wakibanwa na haja miezi mingi kabla ya mavuno, huuza mti ungali na maua. Mnunuzi hupita, huutazama mti, hutaja fedha. Naye mwenye mti akizipokea, mazao yote ya mwaka huo si yake tena. Nilimwuliza shemeji kama naye hufanya hivyo. Akacheka, akasema, "Shemeji, njaa haisomi kitabu." Mimi nikampa hotuba ndefu juu ya hukumu za biashara, nikamtajia na majina ya maimamu. Leo nikiikumbuka hotuba ile naona haya.

Tulirudi na miche 40 kwa basi, kupitia Segera, Chalinze, Dodoma, Singida na Nzega. Utingo alitutoza nauli ya miche hiyo kama ya watu wawili wazima. Mvua zilipoanza niliipanda. Kumi niliitia katika udongo mweusi wa mbuga, nikidhani udongo mweusi ni udongo wa rutuba. Maji yakatuama katika mizizi, yote kumi ikafa. Sita ikaliwa na mbuzi wa jirani kabla sijaizungushia bustani ua wa minyaa. Iliyobaki, 24, ilikuwa katika udongo wa kichanga ulioinuka kidogo, na hiyo ndiyo tuliyonayo mpaka leo. Mindimu tuliotesha wenyewe kwa mbegu.

Sasa sikiliza siku yetu ilivyo wakati wa kiangazi. Baada ya sala ya alfajiri vijana wangu wawili hufunga punda kwenye mkokoteni na kwenda kisimani. Kila mti wataka ndoo mbili za lita 20, mara mbili kwa juma. Twamwagilia miti 15 kwa siku, yaani mapipa matatu, na kazi hiyo hufanywa siku nne za juma. Maji hayamwagwi shinani, bali katika mfereji wa mviringo uliochimbwa chini ya ncha za matawi, maana shina likilowa kila siku huoza gome. Juu ya mfereji twatandaza mabua ya mtama ili jua lisiyanywe maji kabla ya mti. Nayo mabua yana hila yake, kwani huwaita mchwa. Kwa hiyo twayaweka mbali na shina, kisha twanyunyiza majivu. Samadi kwetu si ya kununua, ng'ombe wamejaa kila boma, lakini sharti iwe imekaa na kupoa. Samadi mbichi huunguza mizizi.

Jua likichomoza mimi huenda chuoni kwa watoto wadogo wasioanza shule, na wakubwa huja alasiri. Mke wangu na binti yetu ndio wachumaji. Hawaanzi mpaka umande ukauke, kwa sababu chungwa lichumwalo lingali na maji juu yake hutoka madoa ya kahawia katika ganda baada ya siku chache. Wala halivutwi. Likivutwa, kikonyo hung'oka na kuacha tundu, na kwa tundu hilo uozo huingia; yataka kukatwa kwa mkasi. Mdogo wetu wa mwisho amepewa kazi asiyoipenda, nayo ni kuokota kila tunda lililoanguka na kulizika shimo la kina. Kazi hiyo ilianza kwa ajili ya nzi wa matunda, yule aliyetoka Asia na kuonekana mara ya kwanza Kenya na Tanzania mwaka 2003. Hutaga mayai ndani ya tunda, funza wakakua humo, na tunda likiachwa chini huzaa nzi wengine wa kuumaliza msimu. Mtoto husema ya kwamba yeye ni mzishi wa machungwa. Nami humwambia kuwa maziko yake ndiyo yanayoturuzuku.

Siku ya mnada matenga hutandikwa nyasi chini, hufungwa nyuma ya baiskeli au pikipiki, na safari huanza mapema. Mnadani ng'ombe wako upande wao, nguo za mitumba upande wao, nasi twakaa pamoja na wauza michembe, nyanya na dagaa. Wateja wetu wazuri ni wachimbaji wadogo wa almasi, ambao hutoka mashimoni na koo kavu, nao hupenda chungwa lililokwisha menywa na kukatwa kichwa, walifyonze wamesimama. Binti yangu humenya ganda likashuka mzunguko mmoja bila ya kukatika, na watoto huyagombania maganda hayo kama nyoka wa kuchezea. Ndimu huuzwa kwa fungu, tano tano.

Taabu yetu kubwa mnadani ni rangi. Katika nchi za joto chungwa laweza kuiva ndani na ganda lake likabaki kijani, maana kinacholigeuza manjano ni baridi ya usiku. Kwetu, usiku wa Juni na Julai una baridi kidogo, hivyo baadhi hugeuka na baadhi hayageuki. Bibi mmoja huja kila mara, huamkia "Mwangaluka," huinua chungwa, hulitazama na kusema, "Maalim, haya mabichi." Mke wangu hukata moja na kumpa aonje. Huonja, hulisifu, hununua manne; na mnada ufuatao husema tena, "Maalim, haya mabichi." Nadhani amekwisha kugundua ya kuwa neno hilo lina chungwa moja la bure ndani yake.

Nije sasa katika kosa langu.

Novemba 2015 miti ilichanua vizuri ambavyo haijachanua tangu kupandwa. Harufu ya maua ilifika mpaka chuoni. Katika mwezi huo huo mke wangu aliugua, tukahitaji fedha za matibabu kwa haraka. Nilikuwa na mbuzi watatu. Niliwauza, fedha hazikutosha. Ndipo akaja mfanyabiashara mmoja ambaye simtaji, akaizunguka bustani, akasema atanipa shilingi 200,000 kwa matunda yote yatakayotoka, mkono kwa mkono. Nilizipokea. Sikuandika, wala sikumwita shahidi, kwa sababu sikutaka shahidi. Mke wangu alipona, na shukrani zote ni za Mwenyezi Mungu. Julai 2016 yule mtu akaja na vijana wake kuchuma. Binti yangu, aliyekuwa darasa la tano, alikaa juu ya kinu na kuhesabu bila ya kutumwa. Usiku akaniambia, "Baba, ni 3,800." Mwaka ule machungwa mnadani yaliuzwa matatu kwa shilingi 500. Hesabu hiyo hata mimi niliyeishia shule ya msingi niliiweza: yalipita shilingi 600,000. Na kazi ya kumwagilia miezi ile yote ilikuwa yetu.

Mtu angedhani hilo lilinifunza. Novemba ikarudi, madeni yangalipo, na nilijiambia kwamba safari hii nitauza kwa bei nzuri zaidi. Akaja kijana wa vijiji vya jirani, mwenye baiskeli tu na akiba yake, aliyetamani kuanza biashara. Nikamtajia 250,000, akatoa zote. Ndugu msomaji, wajua mvua za mwisho wa 2016 zilivyokuwa katika nchi nyingi za Afrika Mashariki. Zilichelewa, na zilipokuja zilikuwa haba. Upepo wa moto ukavuma, maua yakaanguka kama pumba, na vitunda vichanga vilivyokuwa vikubwa kama gololi vikafuata. Kisima kikapungua, tukawa twapata maji ya kunywa na ya punda tu. Julai 2017 kijana yule alikuja na matenga kumi. Akachuma machungwa 700, akaketi chini ya mti. Hakunigombeza. Alisema, "Maalim, basi," akaondoka.

Juma lile lile, darasani, tulikuwa tumefika katika mlango wa biashara. Nikawaeleza wanafunzi kwamba Mtume s.a.w. alikataza kuuza matunda kabla ya kuonekana kuiva kwake, akawakataza muuzaji na mnunuzi pamoja. Mwanafunzi mmoja mwenye umri wa miaka 13, ambaye nyumba yao yapakana na bustani yangu, akainua mkono, akauliza kwa adabu zote, "Maalim, na machungwa je?" Sijui kama aliuliza kwa kujua au kwa kutojua. Nilimwambia tutaendelea kesho.

Usiku ule nilivitazama vitabu tena kama mtu asiyevijua. Sababu ya katazo iko wazi: akiuza ua, muuzaji hajui anatoa nini, na mnunuzi hajui anapata nini. Ama mmoja atamla mwenzake, kama nilivyoliwa mimi mwaka 2016, ama mwenzake atamla yeye, kama nilivyomla kijana wa watu mwaka 2017. Katika madhehebu yetu ya Imamu Shafi, kuuza tunda lisiloonekana kuiva hakusihi ila kwa sharti la kulikata papo hapo, nalo liwe lafaa kwa kitu. Ua la mchungwa litakatwa lifae kwa nini? Basi mapatano yangu yote mawili hayakuwa biashara. Na hata biashara ingekuwa sahihi, yako mafundisho ya Mtume s.a.w., yaliyopokewa na Jabir na kuhifadhiwa katika Sahihi Muslim, kwamba tunda ulilomwuzia ndugu yako likipatwa na msiba usichukue kitu kwake. Imamu Malik alilifanya jambo hilo kuwa la lazima msiba ukifika theluthi ya mazao au zaidi. Mimi sikuhitaji kuchagua baina ya maimamu. Msiba wetu ulikuwa zaidi ya theluthi mbili.

Nilimwita kijana. Tukakadiria machungwa 700 aliyoyachukua kwa bei ya jumla ya wakati ule, shilingi 100 kila moja, ikawa 70,000. Nikamwambia namdai hizo, naye anidai 250,000, kwa hiyo nina deni lake la 180,000. Hakunisadiki. Sikuwa nazo zote; nilimlipa kidogo kidogo, ndimu za juma hili na kuku wa juma lile, mpaka msimu wa 2018 ulipokwisha. Ama kijana wangu mkubwa, alipoona baba yake anarudisha fedha ilhali nyumbani twala ugali wa mtama kwa maziwa mgando siku tatu mfululizo, alikasirika, akaenda Geita kwenye machimbo ya dhahabu. Alikaa huko miezi minane. Alirudi na kikohozi na redio, na siku hizi yeye ndiye afungaye punda. Hatujapata kuizungumza habari ile.

Watu huniuliza, haja ya Novemba tunaitimiza vipi sasa? Haja haikuondoka, kila mwaka yaja pamoja na maua. Kwanza twauza ndimu, ambazo kwa maji ya kisima huzaa karibu mwaka mzima, na fedha yake haitumiwi ila hutiwa katika kibubu kisichofunguliwa kabla ya Novemba. Pili, iko njia ya halali ya kupokea fedha mbele. Mtume s.a.w. alipofika Madina aliwakuta watu wakilipana kwa matunda ya mwaka mmoja na miwili ijayo, akawaamuru kwamba mwenye kufanya hivyo afanye kwa kipimo kijulikanacho, uzani ujulikanao na muda ujulikanao. Biashara hiyo yaitwa salam. Mwenye duka mmoja wa Maganzo hunilipa fedha zote katika kikao kimoja, nami nakuwa na deni la ndimu 2,000 za ukubwa tuliopatana, siku tuliyoitaja. Tofauti yake na kuuza maua ni hii: simwuzii ndimu za mti fulani. Namwuzia ndimu. Miti yangu ikikosa, ni juu yangu kuzitafuta kwa wengine, hata ikibidi nizinunue kwa ghali. Mwaka 2021 ilibidi, nikapata hasara ndogo, lakini yeye alipata ndimu zake kamili.

Na kwa kuwa wengi huuliza habari ya zaka: katika madhehebu ya Imamu Shafi machungwa na ndimu hazina zaka ya mazao, kwa sababu si chakula cha kuwekwa akiba, mtama wetu ndio wenye zaka ukifika kiwango. Imamu Abu Hanifa ameiona zaka katika kila kinachooteshwa na ardhi, sehemu moja katika kumi kwa kinachonyweshwa na mvua, na nusu ya hiyo kwa kinachomwagiliwa kwa taabu ya mtu. Nyumbani kwetu twatoa tenga moja kwa wajane wa mtaa kila uchumaji, wala hatulipi jina. Na wenye kupita njiani hula wapendavyo, ndege nao vilevile. Hao hatukuweza kuwazuia hata kabla hatujasoma kwamba aliwacho mtu, mnyama au ndege katika mti ulioupanda waandikiwa sadaka.

Yule kijana wa baiskeli sasa ana pikipiki na meza mnadani. Bado hununua kwangu, lakini huja mwezi wa Julai, tunda likiwa limeiva na kuonjwa. Huchuma, kisha twaketi kivulini na kuhesabu matano matano kwa sauti, yeye na binti yangu, na kila mmoja na daftari lake. Msimu uliopita hesabu zao zilipishana kwa machungwa kumi. Wakayamwaga yote chini, wakaanza upya.